Ukomo wa hedhi: Tumbo linaongezeka hata kama huli zaidi, na la kufanya lipo

Fundi cherehani mara nyingi hujua kabla ya daktari. Mama wa miaka 48 anapeleka kitenge cha sare ya harusi ya mpwa wake. Fundi anafungua daftari la vipimo, anazungusha futi kiunoni, kisha anaandika namba mpya juu ya ile ya mwaka jana. "Mama, tuache nafasi kidogo pembeni?" anauliza kwa adabu. Kwa fundi hilo ni swali la kazi tu, lakini mama anarudi nyumbani nalo kichwani.

Mapaja yako vilevile, pengine yamepungua. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni tumbo. Naye anaapa kwamba hali chakula kingi kuliko alivyokuwa akila miaka mitano iliyopita. Anaanza kujinyima ugali wa jioni. Asubuhi anakunywa maji ya moto yenye ndimu kama alivyoelekezwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwezi unapita, tumbo liko palepale, na sasa ana uchovu na hasira juu yake.

Wanawake wengi wenye umri wa kati ya miaka 45 na 55 wanalijua jambo hili, lakini wachache hulizungumza. Nyumbani hugeuka utani: "Mama siku hizi umejiachia." Sokoni hugeuka sifa: "Shoga umependeza, maisha yamekukubali." Utani unamwambia ni mvivu, sifa inamwambia hakuna tatizo. Vyote viwili havina ukweli.

Hata takwimu humwacha njiani mama huyu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa Tanzania, TDHS, ambao pia hupima uzito na urefu wa wanawake, huwahusisha wenye miaka 15 hadi 49. Anapofikisha 50, wakati ambao mwili wake unapitia mabadiliko makubwa, anakuwa ametoka kwenye hesabu.

Nini kinatokea mwilini

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, bila sababu nyingine kama ujauzito, ugonjwa au dawa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa wanawake wengi hali hiyo hutokea kati ya miaka 45 na 55.

Lakini safari huanza miaka kadhaa kabla. Siku zinavurugika: mwezi huu zinawahi, mwezi ujao zinachelewa, mwingine hazionekani kabisa. Joto la ghafla linapanda kifuani hadi usoni katikati ya kikao. Usiku shuka linalowa jasho. Usingizi unakatika saa nane na kugoma kurudi. Chanzo kikubwa ni kushuka kwa homoni ya estrojeni inayotengenezwa na mifuko ya mayai.

Estrojeni haihusiki na uzazi peke yake. Pamoja na kazi nyingine, husaidia kulinda mifupa, na ndiyo inayochangia mafuta ya mwanamke kijana kukaa zaidi kwenye nyonga na mapaja. Ikishuka, mafuta huanza kuhamia tumboni, na si chini ya ngozi tu, bali ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Ndiyo maana mama anashangaa miguu imepungua huku kiuno kikiongezeka.

Nchini Marekani, utafiti unaojulikana kwa kifupi kama SWAN umekuwa ukifuatilia wanawake wa asili mbalimbali tangu katikati ya miaka ya 1990, ukiwapima kabla, wakati na baada ya ukomo wa hedhi. Watafiti walibaini kwamba katika umri huu uzito huongezeka taratibu, kwa wastani wa takriban robo tatu ya kilo kwa mwaka. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayekiona mwaka huu wala ujao. Lakini miaka 10 ikipita, hizo ni kilo 7 hivi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 kutoka utafiti huohuo yana jambo muhimu zaidi. Kipindi cha mpito kinapoanza, kasi ya kuongezeka kwa mafuta mwilini huwa maradufu, na wakati huohuo misuli huanza kupungua. Hali hiyo huendelea hadi takriban miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, kisha hutulia. Mizani haikuonyesha badiliko hilo. Uzito uliendelea kupanda polepole kama zamani, kwa sababu mafuta yanayoingia na misuli inayotoka hufichana.

Kwa maneno mengine, mama anaweza kupanda mizani leo akakuta kilo zilezile 74 za mwaka juzi, lakini mwili uliomo ndani ya kilo hizo si uleule. Una mafuta mengi zaidi na nguvu kidogo zaidi.

Je, mwili umepunguza kasi?

Sababu inayotajwa sana ni kwamba baada ya miaka 40 mwili "unapunguza kasi ya kuchoma chakula". Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, matumizi ya nguvu ya mwili hayabadiliki sana kuanzia miaka 20 hadi 60, kwa wanaume na kwa wanawake. Kushuka huanza baada ya miaka 60.

Basi kilichopungua ni nini? Kwanza, misuli yenyewe, ambayo ndiyo hutumia sehemu kubwa ya chakula tunachokula. Pili, mwendo wa kila siku. Mama wa miaka 30 alikuwa na mtoto mgongoni, ndoo ya maji kichwani na sinki la nguo za watoto watatu. Akifika 50, watoto wamekua, bomba liko uani, jikoni kuna gesi, dada wa kazi anafua na kudeki, na bodaboda inamfikisha mlangoni. Ni maendeleo, na amestahili kupumzika, lakini mwili ulikuwa ukitumia kazi zile kama mazoezi bila yeye kujua.

Tatu ni usingizi. Anayeamka mara tatu usiku kwa jasho huamka na njaa isiyoisha na hamu ya vitu vitamu, halafu hana nguvu ya kutembea hata hadi kituo cha daladala.

Kwa nini si suala la urembo

Mwanamke anayesema "mimi unene wangu naupenda" ana haki yake, na hakuna sababu ya kumlazimisha mtu avae nguo za binti yake. Lakini mafuta ya ndani ya tumbo yanahusiana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo. Kinga fulani ambayo mwanamke alikuwa nayo dhidi ya magonjwa ya moyo hupungua baada ya ukomo wa hedhi. Mifupa nayo hupoteza uimara kwa kasi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Anayeteleza bafuni akiwa na miaka 65 na kuvunjika nyonga, mara nyingi alianza kupoteza mfupa huo akiwa na 50.

Kipimo rahisi hakihitaji mizani. Chukua kamba, ikate iwe sawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kubana pumzi. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Ni kanuni ambayo taasisi ya NICE ya Uingereza iliwashauri watu wazima kuitumia mwaka 2022: kiuno kisifike nusu ya urefu. Anayevuka mstari huo ana sababu ya kwenda kupima sukari na shinikizo la damu, hata kama hajisikii kuumwa.

Kujinyima hakutoshi

Kosa la kwanza la wengi ni kula mlo mmoja kwa siku. Uzito unashuka kweli, lakini sehemu ya kinachoshuka ni misuli, yaani kitu kilekile ambacho umri huu unakinyang'anya. Mama akirudia kula kawaida, kilo zinarudi zikiwa mafuta. Amefanya kazi ngumu kwa hasara.

Kosa la pili ni chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mtandaoni na kwenye foleni za magari. Nyingi ya chai hizo zina majani yanayoharisha. Kinachotoka ni maji na kinyesi, mafuta yanabaki. Mikanda ya kubana tumbo nayo husukuma tumbo upande mwingine, haiyeyushi chochote.

Kinachofaa zaidi ni kubadili mpangilio wa sahani. Ugali au wali uwe robo ya sahani, si mlima. Mboga za majani, kama mchicha, matembele, kisamvu au chainizi, zichukue nusu. Robo iliyobaki iwe chakula cha kujenga misuli: maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai, kuku, nyama kidogo. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa pia madini ya kalsiamu, na bei yake mama wengi wanaimudu. Jambo la kuangalia ni kwamba chakula cha kujenga misuli kiwepo katika kila mlo. Chai na maandazi mawili asubuhi haina chochote cha kulisha msuli.

Mafuta ya kupikia nayo huingia kimya. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori takriban 120, na mchuzi wa kukaanga huweza kumeza vijiko vitano kabla nyanya hazijaiva.

Kisha kuna sukari. WHO inashauri sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na vijiko 12 vya chai, na ni bora zaidi ikiwa chini ya vijiko 6. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, tayari amefika kikomo kabla hajagusa soda ya kikao cha kikoba. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na karibu vijiko 9. Kupunguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, wiki hadi wiki, ni rahisi kuliko kuapa kuacha ghafla.

Nguvu kwanza, kisha mwendo

WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, kama kutembea haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Sehemu ya pili ya pendekezo hilo husahaulika: mazoezi ya kuimarisha misuli, angalau siku mbili kwa wiki. Kwa mwanamke wa umri huu, sehemu hiyo haipaswi kuachwa.

Wengi huogopa kunyanyua vitu vizito kwa hofu ya kuumia au kuwa na mikono ya mwanamume. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusisha wanawake 101 waliopita ukomo wa hedhi na wenye mifupa iliyopungua uimara. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane chini ya msimamizi. Kundi lingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Wanyanyuaji waliongeza uimara wa mfupa wa mgongo, wale wengine walipungukiwa. Majeraha hayakuwa tatizo. Kilichowalinda ni kufundishwa vizuri na kuongeza uzito hatua kwa hatua.

Si lazima kulipia gym. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, na karibu kila nyumba lipo. Mwanzo unaweza kuwa huu, siku mbili au tatu kwa wiki:

Kaa kwenye kiti imara kisha simama bila kujishika, mara 10. Ikizoeleka, shika dumu kifuani.

Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, jishushe na ujisukume, mara 10.

Shika dumu kila mkono, mgongo wima, tembea uani kwenda na kurudi kwa dakika mbili.

Simama ukishika meza, nyanyua visigino juu, shuka taratibu, mara 15.

Pumzika, kisha rudia mzunguko wote mara mbili. Mara mbili za mwisho za kila zoezi zikiwa rahisi, ni wakati wa kuongeza uzito au idadi. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maumivu ya kifua, au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, amwone daktari kabla ya kuanza.

Lipo jambo jingine linalowafanya wanawake waache mazoezi bila kusema sababu: mkojo kuponyoka wanaporuka, kucheka au kukohoa. Ni kawaida kwa waliozaa na kwa waliofikia ukomo wa hedhi, na mara nyingi hupungua kwa mazoezi. Kaza misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo, hesabu hadi 5, legeza, hesabu hadi 5. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Linaweza kufanyika hata ndani ya daladala bila mtu kujua. Likiendelea baada ya miezi mitatu, hospitali zina msaada zaidi.

Mabibi waliotangulia

Anayedhani mwili wa mwanamke baada ya hedhi umekwisha kazi yake, aende kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliishi na Wahadzabe wakiandika nani anafanya kazi gani. Walikuta wanawake waliokwisha kukoma kuzaa wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa saa nyingi, wakiwapita hata wasichana. Chakula hicho kiliwasaidia wajukuu, hasa mama zao walipokuwa na watoto wachanga. Kutokana na kazi hiyo ndipo wataalamu walipoanza kuandika kwamba bibi mwenye nguvu ni nguzo ya ukoo.

Huko Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya soka ya mabibi iitwayo Vakhegula Vakhegula. Walianza wakichekwa kwa kuvaa bukta. Mwaka 2010 walisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kushiriki mashindano ya maveterani. Wapo waliokuwa na miaka zaidi ya 70.

Nyumba nzima ina kazi

Kicheko hicho ndicho kikwazo cha kwanza hapa kwetu. Mama anaogopa kutoka alfajiri na suruali ya mazoezi kwa sababu jirani atauliza, "Unamkimbilia nani?" Dawa yake ni kutokuwa peke yake. Wanakikoba wanaokutana kila Jumamosi wanaweza kuanza kikao kwa kutembea nusu saa, kisha maji na matunda yakachukua nafasi ya soda na sambusa. Dera juu ya suruali halizuii miguu kwenda.

Baba naye ana nafasi yake. Kusema "mke wangu, kesho tutembee wote hadi msikitini" au "hadi kanisani" kuna faida kuliko kumlinganisha na picha ya harusi. Ajue pia kwamba joto la usiku, hasira za ghafla na ukavu unaoleta maumivu katika tendo la ndoa si dharau wala kukosa mapenzi. Ni sehemu ya mabadiliko yaleyale, na yana tiba.

Watoto wakubwa wanaweza kuchukua jiko mara mbili kwa wiki ili mama apate saa yake, na wapike mboga kwanza, ugali baadaye. Binti anayemcheka mama yake leo akumbuke kwamba naye yuko kwenye foleni hiyohiyo.

Wakati wa kwenda hospitali

Si kila unene wa umri huu ni wa homoni za uzazi. Uzito unaopanda haraka pamoja na kuhisi baridi, uchovu mzito na choo kigumu unaweza kutoka kwenye tezi ya shingo. Tumbo linalojaa ghafla, linalouma au gumu linahitaji kuchunguzwa. Na mwanamke aliyekaa miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, asisubiri wala asidhani ujana umerudi. Aende hospitali wiki hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba.

Kuhusu tiba ya homoni, ipo na huwasaidia wengi kupunguza joto la ghafla na kulinda mifupa. Si dawa ya kupunguza uzito, na haiwafai wote. Ni mazungumzo ya mama na daktari wake, si ya duka la dawa la mtaani.

Mabadiliko ya mwili hayaji kwa mwezi mmoja. Miezi mitatu ya mwanzo mama anaweza kupanda mizani akakuta kilo zilezile na kukata tamaa. Asikate. Aangalie kama anapanda ngazi bila kusimama kupumua, kama ananyanyuka kwenye mkeka bila kushika ukuta, kama analala. Na siku akipeleka kitenge kingine, fundi atafungua daftari lake, atazungusha futi, na namba ya kiuno itamjibu kuliko mizani.